Ulimi wa Bibi Eustakia na Pipi za Kifua

Ulimi wa Bibi Eustakia ulikuwa na ratiba yake, na mwili wake uliobaki ulikuwa na yake. Mwili uliamka saa kumi na moja alfajiri, ukafagia uwanja, ukafungulia mbuzi, ukabandika maji jikoni. Ulimi uliachwa ulale mpaka saa tatu. Katika muda huo wote Bibi hakutamka neno. Alinyoosha kidole tu: kuku kule, ufagio huku, wewe Nice nenda kaoge. Chai aliinywa ikiwa imepoa mpaka imeota ngozi juu. Pilipili haikuruhusiwa kuingia nyumbani kwake hata kwa kupita njia. Dagaa wa chumvi walikaangwa nyuma ya zizi, upande ambao upepo unaondokea, na aliyewala alitakiwa asukutue kabla ya kumkaribia.

"Shikamoo, Bibi," mjukuu wake Nice alimwambia kila akitoka shule.

"Umesukutua?"

"Nimesukutua."

"Basi marahaba."

Yote hayo ni kwa sababu Bibi Eustakia alikuwa mwonjaji. Hapo kijijini Keza, binti akiposwa, upande wa mwanamume huleta urwagwa, pombe ya ndizi, na hakuna mtu anayeweka mdomo kabla mwonjaji hajakaa kwenye kigoda chake, akavuta kwa mrija, akasema neno moja kati ya mawili: "safi" au "maji". Akisema safi, vigelegele. Akisema maji, kuna mtu ana kesi.

Kipaji chenyewe kiligundulika akiwa na miaka saba. Dada yake alitumwa chemchemi ya juu, akaona mlima ni mrefu, akachota bondeni kwenye matete. Mama yao akanywa, asijue. Eustakia akanywa, akatema. "Haya si ya juu. Haya ni ya kwenye matete, na kuna chura amekaa humu, na si chura mdogo." Dada akachapwa. Hawakusemeshana mpaka Pasaka.

Halafu ukaja mwaka 1994, watu walipovuka kutoka Rwanda wengi kiasi kwamba vilima vilibadilika rangi, vikawa bluu ya maturubai. Bibi, wakati ule bado mama wa makamo, alikwenda kambini kuuza viazi vitamu. Maji yaliletwa na malori, yametiwa dawa. Siku moja akapewa kikombe, akavuta funda moja, akamwambia kijana wa kupima maji, "Mwanangu, tanki hili leo mmesahau dawa." Kijana akacheka sana. Akachovya kipimo chake. Akaacha kucheka. Akachovya tena, kisha akatimua mbio akimwita dereva wa lori. Aliporudi aliandika jina la Eustakia kwenye daftari lake, na daftari likaondoka naye kwenda kwao.

"Jina langu liko Ulaya," Bibi alipenda kusema. "Mimi ndiyo nimebaki huku."

Basi mtu mwenye ulimi wa namna hiyo anaibiwaje? Hilo ndilo lililokuja kuwashangaza watu wote.

Maana pombe ya posa ilikuwa na ulinzi wa pande mbili. Ilisafirishwa kwenye madumu ya lita ishirini, yamejazwa mpaka shingoni na kuzibwa kwa jani la mgomba. Mbebaji akinywa njiani, dumu linapungua, kila mwenye macho anaona. Akijazia maji ili kufidia, macho hayaoni, lakini ulimi wa Bibi unajua. Ama upungufu, ama maji. Njia ya tatu haikuwepo.

Aliyeitafuta sana hiyo njia ya tatu aliitwa Shilinde. Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, Msukuma mrefu kutoka Biharamulo, pikipiki yake imeandikwa nyuma USINIULIZE. Alikuwa amenaswa mara tatu. Na adhabu ya mbebaji aliyenaswa si kiboko. Adhabu ni kucheza ngoma peke yake mbele ya mashangazi, dumu tupu kichwani, mpaka mashangazi waseme basi. Mashangazi wa Keza hawana haraka ya kusema basi.

Ukafika mwaka 2016, mwaka wa pili tangu Warundi waanze kuvuka tena. Kiangazi kilikuwa na vumbi la ajabu, na Bibi alikohoa. Shilinde alifika na pombe ya posa, akaegesha pikipiki, akapiga goti moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeigusa?"

"Aaa, Bibi! Sijasimama popote, hata kukojoa. Ila nimesikia unakohoa, nimekuletea pipi za kifua. Nimezinunua kule balabalani. Moja tu, halaka halaka, kifua kinafunguka."

Pipi zilikuwa za mnanaa, nyeupe, kali kama umeme. Bibi alitaka kukataa. Lakini kikohozi kilikuwa kikohozi, na kijana amepiga goti mbele za watu. Akaiweka mdomoni. Kifua kikafunguka mpaka masikioni. Akavuta urwagwa kwa mrija.

"Safi," akasema.

Shilinde akaangalia pembeni kwa adabu nyingi.

Ikawa desturi. Posa ya pili, pipi, safi. Posa ya tatu ilikuwa nyumbani kwa Kwizera, na ile ilikuwa na wabebaji wawili, Shilinde na mwenzake Audax, kijana mpole asiyekunywa hata togwa. Dumu la Shilinde likaonjwa: safi. Dumu la Audax likaonjwa, na Bibi akaruka juu ya kigoda. "Chumvi! Humu mna chumvi! Limefunguliwa!" Audax akaapa kwa majina ya watakatifu wote anaowajua, wakawa wachache, akaongeza na majina ya walimu wake. Haikusaidia. Alicheza na dumu kichwani mpaka magoti yakawa yanalia kama mlango.

Na bado watu walisema: umeona? Ulimi wa Bibi hauna mchezo.

Shida ni kwamba wazee walikuwa hawalewi. Mzee Celestini, mkubwa wa ukoo, alikunywa kwa Kwizera tangu mchana mpaka jioni, kisha akapanda baiskeli na kurudi nyumbani akiwa amenyooka kama rula. Mkewe alipomwona anaingia bila kugonga nguzo alipiga kelele, akidhani mumewe amepata ugonjwa.

Watu wakaanza kutafuta sababu. Walilaumu mvua. Walilaumu ndizi. Na wachache, kama ilivyo kawaida yao, walilaumu wageni: "Wanaoposa siku hizi wana asili ya ng'ambo ya mpaka, wanatia maji tangu kwao." Lakini mwisho macho yote yalirudi kwenye kigoda, na Mzee Celestini akaja mwenyewe kwa Bibi, kofia mkononi.

"Eustakia, wiki ijayo Jumamosi anaposwa Evarista wangu. Muoaji ni Manirakiza wa Nyabusozi. Shangazi yake yuko kambini, upande wa Kibondo, amepata kibali cha siku tatu tu, na siku ya tatu ndiyo hiyo Jumamosi. Hatuna nafasi ya kuahirisha. Ukisema safi halafu nikarudi nyumbani nimenyooka, kigoda kinakwenda kwa Speciosa."

"Speciosa!" Bibi alishika kiuno. "Yule haonji, ananusa kama mbuzi!"

"Mbuzi hajawahi kunywa maji akadhani pombe," alisema Mzee Celestini, akavaa kofia, akaenda zake.

Jioni ile Bibi hakula. Alikaa kwenye kigoda chake uwanjani, anakizungusha kidogo kidogo, kama mtu anayeaga. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekikalia. Juu ya kigoda kile alikuwa Eustakia mwenye jina Ulaya. Bila kigoda angekuwa bibi kizee fulani anayekunywa chai ya baridi bila sababu.

Nice alimwona, akalibeba jambo hilo moyoni mpaka shuleni.

Nice alikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wake wa fizikia, Mwalimu Frednand, alikuwa na tabia moja: vifaa vya maabara vikikosekana, na kila siku vilikosekana, yeye mwenyewe aligeuka kifaa. Amewahi kuwa springi. Amewahi kuwa sumaku, akagandamana na kabati kipindi kizima. Siku hiyo Nice alimuuliza kama duniani kuna njia ya kutuma siri isiyoweza kuibiwa kabisa, na macho ya Mwalimu yakawaka. Alikuwa amesoma jambo hilo kwenye simu, akiwa amesimama juu ya lile jiwe la nyuma ya choo ambako mtandao unashika.

"Angalieni! Mimi ni chembe moja ya mwanga." Akatembea kwa vidole vya miguu kutoka mlangoni kwenda ubaoni. "Moja tu! Siwezi kugawanywa, siwezi kunakiliwa. Watu wawili wanatumiana siri kwa chembe kama mimi, moja moja. Mwizi akinichungulia njiani, ananivuruga, na kule ninakokwenda watajua nimeguswa."

"Watajuaje?"

"Kule mwisho kuna kigunduzi. Kifaa chenye hisia kali kupita kiasi. Chembe moja tu ikikigusa, kinalia: tiki! Watu wanalinganisha walichotuma na kilichopokelewa. Makosa yakizidi, wanajua kuna mdudu njiani."

"Kwa hiyo haiibiki," alisema Nice.

"Ndivyo walivyodhani!" Mwalimu alipanda juu ya kiti. "Kwenye daftari, hesabu haina tundu hata moja. Lakini kigunduzi si hesabu, jamani. Kigunduzi ni kitu. Kimeundwa na watu, kina tabia zake, kina uchovu wake. Basi wataalamu fulani wakajifanya wezi ili wajaribu. Hawakuhangaika na kuzificha nyayo zao kwenye chembe. Walichofanya, walikimulika kigunduzi machoni kwa mwanga mkali. Mkali! Hakikuharibika, la. Kilikufa ganzi. Kikawa hakisikii tena vitu vidogo, kinasikia vikubwa tu. Sasa mwizi anazikamata chembe, anazisoma kwa raha zake, na akitaka kigunduzi kilie, anakipiga mwanga mzito mara moja: tiki! Akitaka kinyamaze, kinanyamaza. Na mwenye kifaa anafurahi, kifaa changu kinafanya kazi! Hajui kwamba kinalia pale tu mwizi anapotaka kilie."

Kalamu ya Nice ilianguka chini.

"Mwalimu," alisema polepole, "na kama kigunduzi ni bibi?"

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa kemia akaja kuchungulia. Nice hakucheka. Kichwani mwake kulikuwa na pipi nyeupe za mnanaa, na chumvi katika dumu la Audax.

Alirudi nyumbani akikimbia, akamweleza Bibi yote kwa pumzi moja, akasahau kusukutua, akasahau na shikamoo. Bibi alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Mimi si tochi, Nice."

"Si tochi, Bibi. Kigunduzi."

"Hata hicho. Pipi ni dawa ya kikohozi. Kikohozi kimepona. Sasa ubaya uko wapi?"

"Tujaribu."

Bibi alikubali kwa sababu alikuwa na hakika ya kushinda. Shilinde alikuwa amemwachia pakiti nzima. Akachukua moja, akaimung'unya mpaka ikaisha. Nice akaenda jikoni, akarudi na vikombe vitatu vya bati, akavipanga chini.

Bibi akavuta cha kwanza. "Safi."

Akavuta cha pili. "Safi."

Akavuta cha tatu, akatema mpaka kwa kuku. "Chumvi! Umetia chumvi, mtoto mshenzi wewe!"

"Konzi moja," alisema Nice. "Kama ya Audax."

Kuku wakayachungulia yale aliyoyatema, wakaondoka. Bibi akapangusa mdomo taratibu.

"Cha kwanza kilikuwa nini?"

"Urwagwa mtupu."

"Na cha pili?"

"Maji, Bibi."

"Kidogo?"

"Nusu."

"Nusu!"

"Nusu na kidogo."

Bibi akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Kumbe sikuwa naonja. Shilinde alikuwa anasema, mimi namsaidia kutoa sauti." Akaongeza: "Na Audax wa watu, aliyetiliwa chumvi na yeye, akacheza mpaka magoti yakalia."

"Tumwambie Mzee Celestini."

"Tumwambie nini? Nikisema pipi imenipofusha ulimi, Speciosa atasema, haya, mzee amechoka, sasa anasingizia peremende. Hapana. Wote tulikuwa tunalinda dumu, mjukuu wangu. Hakuna hata mmoja aliyelinda ulimi. Sasa tuulinde."

Zilibaki siku nane. Ulimi uliwekwa likizo kubwa. Bibi hakuongea mpaka saa sita mchana. Chumvi iliondolewa kwenye mboga, na binti yake Domisiana, mama yake Nice, akalalamika kwamba nyumba nzima inakula kama wagonjwa. Kufikia Jumatano ulimi ulikuwa mkali hata Bibi akawa anaonja hewa. "Umekula makande shuleni," alimwambia Nice aliyekuwa bado mlangoni, "na maharage hayakuiva."

Alhamisi ikatokea balaa dogo. Bibi alikuwa amekaa tu, hana kitu mdomoni, mara akapiga kelele: "Maji!" Wakamwangalia. Hapakuwa na kikombe wala tone. Nice akalipeleka hilo kwa Mwalimu Frednand, aliyekuwa siku hiyo ameshika nafasi ya mwezi.

"Hilo ni la kawaida kabisa!" alisema Mwalimu kutoka kwenye mzunguko wake. "Hata vile vigunduzi hujilizia vyenyewe gizani, hakuna mwanga wala nini. Kifaa kikali sana huwa na wasiwasi. Ndiyo maana huwezi kuuamini mlio mmoja. Mwambie arudie mara tatu, asali sala fupi katikati ili ulimi upumzike."

Jumamosi ikafika. Uwanja wa Mzee Celestini ulifagiwa mpaka ukawa na mistari. Manirakiza, muoaji, alikaa kwenye benchi ndani ya koti la kuazima, mikono yake imepotelea humo, ni vidole tu vinachungulia. Pembeni yake alikaa shangazi yake Iteka, kibali chake cha kambini kimekunjwa mara nne na kubanwa kwenye mkanda wa saa, anakiangalia kila baada ya muda kana kwamba nacho kina mishale. Speciosa alikuwa amekuja mapema. Alikaa hatua moja kutoka kwenye kigoda, na mrija wake mwenyewe mkononi.

"Nimekuja kusaidia tu," alisema.

"Ee, nakuona unavyosaidia," alisema Bibi Eustakia, akakaa.

Pikipiki ikanguruma. Shilinde akaingia na madumu mawili, yamejaa mpaka shingoni, majani ya mgomba mabichi mdomoni. Akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi. Kifua kinasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kifua hiki jamani!" Bibi akakohoa kikohozi kirefu cha kutunga, mpaka Mzee Celestini akashtuka kweli.

"Chukua hii, Bibi. Leo nimekuletea ile kali zaidi."

Bibi akapeleka mkono mdomoni, akafyonza kwa sauti, akatikisa kichwa kwa utamu. Pipi ilikuwa imeshuka zamani kupitia kwenye mkono wa gauni, imetulia kwenye fundo la kitenge na zile za pakiti.

Mrija ukaingia kwenye dumu. Bibi akavuta funda, akafumba macho, akasali Salamu Maria moja. Akavuta la pili, Salamu Maria. Akavuta la tatu. Uwanja mzima ulisikia mbuzi akitafuna.

"Maji," alisema.

Lo! Benchi zikaanguka. Mzee Celestini akasimama, akamwelekea Manirakiza. "Mmeniletea maji? Mimi? Binti yangu mnamposa kwa maji?"

"Nilisema mimi," mtu mmoja akadakia nyuma. "Hao wanatia tangu kwao."

Iteka akainuka pale alipokaa. Alikuwa mfupi, lakini alisimama kwa urefu wote aliokuwa nao. "Sisi? Baba, mimi nimepanga foleni ya maji mwaka mzima. Ndoo moja, asubuhi mpaka saa saba. Unadhani mtu kama mimi anaweza kuchukua maji mazuri akayapoteza kwenye pombe?"

"Kaeni chini wote," alisema Bibi Eustakia. "Sijamaliza." Akavuta tena, akayazungusha mdomoni kama anayesoma barua. "Nyabusozi kwa kina Manirakiza wanakunywa ya chemchemi. Nilikwenda kule msibani mwaka juzi, nayajua, yana utamu wa majani. Haya yana kutu. Yana kutu ya pampu, na pampu yenyewe imefungwa kwa mpira wa tairi. Nani hapa anaijua pampu iliyofungwa mpira wa tairi?"

"Ile ya karibu na soko la Nyakahura," alisema Audax, aliyekuwa amesimama mbali kabisa na dumu lolote. "Pale njiani tunaposimamisha pikipiki."

Macho yakageuka yote kwa pamoja, kama ya ng'ombe wanaposikia gari.

"Bibi amezeeka!" Shilinde aliruka. "Ulimi umechoka! Mbona mala tatu zote amesema pombe yangu safi?"

"Mara tatu zote," alisema Bibi, "nilikuwa na pipi yako mdomoni." Akafungua fundo la kitenge. Pipi saba nyeupe zikamwagika kwenye kiganja. "Leo sina. Haya, mwanangu, umenijali sana kiangazi hiki. Na mimi nakujali. Pokea."

Mtu akipewa kitu na mzee mbele ya watu, anapokea. Shilinde akapokea kwa mikono miwili.

"Kula."

"Moja, Bibi?"

"Zote. Kifua kifunguke."

Akazitia zote saba. Mashavu yakavimba kama ya panya wa shamba. Machozi yakaanza kumtoka jicho la kushoto, kisha la kulia likaona halina sababu ya kubaki nyuma. Bibi akangoja ziishe. Ndipo Nice akaja na kikombe cha bati, akakishika kwa adabu.

"Onja," alisema Bibi. "Tuambie ni nini."

Shilinde alikuwa amenaswa lakini hakuwa amekata tamaa. Akanywa funda kubwa, akapiga ulimi, akatabasamu kwa wazee. "Ulwagwa huu! Safi kabisa! Hii ndiyo yenyewe, imekaa siku tatu."

"Domisiana," Bibi aliita, "yale maji uliyooshea sufuria la maharage umeyaweka wapi?"

"Si nimempa Nice?" Domisiana akajibu kutoka jikoni.

Speciosa, kwa mazoea tu, akainama akanusa kikombe. "Ni kweli," alisema, kabla hajakumbuka yuko upande gani. "Ni maharage. Na yaliungua."

Kicheko kilichofuata kilimtisha mbuzi, akakata kamba. Mzee Celestini alicheka mpaka akalazimika kukaa, na alipokaa akamwomba Manirakiza msamaha hapohapo, akiwa bado anafuta machozi. Yule mtu wa nyuma akajifanya anamfukuza mbuzi, akaenda naye mbali. Dumu la pili likaonjwa mara tatu, Salamu Maria mbili katikati, likakutwa safi, maana Shilinde alikuwa na tumbo moja tu. Vigelegele vikapigwa. Iteka akakunjua kibali chake, akaangalia tarehe, akakikunja tena. "Ego," alisema kwa Kirundi, akiitikia kwa binti na kwa pombe kwa pamoja. "Lakini nimiminieni haraka, nina safari."

Kigoda kikabaki kwa mwenyewe. Hata hivyo Bibi hakukikalia mara moja. Alichukua dumu tupu, akajitwika kichwani, akaenda akasimama mbele ya Audax. "Nilikuchezesha bure," alisema. "Sasa na mimi nacheza. Sema basi ukitosheka." Akaanza kucheza, mzee wa miaka sitini na minane, kitenge kimefungwa kiunoni, mashangazi wakimpigia makofi.

Audax alikuwa kijana mpole. Lakini hakuwa na haraka ya kusema basi.

Na Shilinde? Mashangazi walimtaka wao. Ni Nice aliyemnong'oneza Bibi kwamba Mwalimu Frednand alisema wale waliokipofusha kigunduzi waliwaeleza watengenezaji mahali penye tundu, wapate kuliziba. Bibi akafikiri, akatoa hukumu yake: tangu siku ile Shilinde atakuwa mwizi rasmi wa Keza. Kabla ya kila posa atakuja kwake mchana kweupe, atakaa chini, na atataja kila njia anayoweza kuifikiria ya kumdanganya mwonjaji. Akishindwa kuleta njia mpya, anacheza.

Alikuja Jumatatu, amesukutua.

"Shikamoo, Bibi. Nimeona tundu jingine."

"Marahaba. Sema."

"Ukishaonja, unafumba macho, unasali. Ukiwa unasali husikii kitu wala huoni. Mimi hapo katikati nabadilisha dumu."

Bibi alimtazama kwa chuki kidogo na heshima nyingi. Kisha akamwita Nice aandike.

Siku hizi Bibi anasali macho wazi, na kwa kasi ya kutosha. Padri hajaambiwa.